Betri Nzuri, Leseni Isiyo ya Kipekee

Mjomba wangu tunamwita Asidi, kwa sababu hana suruali isiyo na matundu. Miaka thelathini na moja amechaji na kufufua betri za magari, na tindikali imemla nguo, viatu na kucha mbili. Karakana ilikuwa yake, jengo na kiwanja. Ukimpelekea betri aliinusa, akaigonga ubavuni, akakwambia itakufa mwezi gani. Sikuwahi kusikia amekosea.

Watu wa kampuni moja walipokuja kutafuta wanahisa, wenzake walinunua kwa kuangalia suti. Mjomba si wa kulaghaiwa hivyo. Kampuni ilikuwa na leseni ya kutengeneza betri mpya, uvumbuzi wa watu wa mbali, inayojaa kwa dakika ishirini. Akawaambia, "Nipeni moja kwanza. Mengine tutaongea."

Miezi minane aliijaza, akaimaliza, akaijaza tena, kila safari mstari wa chaki ukutani. Mistari ilifika mia tisa, ikauzunguka mlango. Mkazamjomba alilalamika kwamba mumewe ameoa mke wa pili na anamlaza juu ya meza. Betri haikuvimba wala kupata joto. "Hii ndiyo yenyewe," mjomba alisema, akajifuta macho kwa kiwiko.

Ikabaki karatasi. Karatasi aliniletea mimi, mwalimu, msomi wa ukoo. Nikavaa miwani. Ukurasa wa sita uliandikwa: leseni isiyo ya kipekee.

"Hapo wanasemaje, mjomba?" aliniuliza. Sisi huitana hivyo, yeye na mimi.

"Wanasema si ya kipekee. Leseni ya kawaida tu, mjomba, kama hiyo yako ya karakana. Haina makuu."

"Afadhali. Vitu vya kipekee huleta maneno."

Tukacheka. Mungu anisamehe, tulicheka.

Aliuza karakana, akanunua hisa. Mkewe alimuuliza, "Na ikiharibika je?" Akamjibu kwamba kitu alichokihesabu mara mia tisa hakiharibiki.

Na kweli haikuharibika. Mwaka wa pili wenye uvumbuzi walizipa leseni ile ile kampuni nyingine tatu, zenye viwanda vikubwa na bei ya kutupa. Mjomba alikuja kwangu mbio, gazeti mkononi. "Tumeibiwa! Twende kwa wakili."

Wakili alifungua ukurasa wa sita, akaweka kidole. "Isiyo ya kipekee. Yaani mwenye mali anaruhusiwa kumpa yeyote mwingine. Hamkusoma?"

Mjomba hakunitazama. Heri angenizaba kofi pale pale, mbele ya wakili. Betri aliijua thamani yake kuliko waliomuuzia hisa. Thamani ya leseni ilikuwa ndani ya neno moja, nami nililipita kwa mbwembwe, miwani puani, kwa kuwa niliona aibu kusema sijui.

Kampuni ilifungwa. Leo mjomba ni kibarua katika karakana iliyokuwa yake. Aliyeinunua amepaka rangi juu ya mistari ya chaki, na rafu zimejaa betri zile zile, za zile kampuni tatu. Juzi nilipita nikamkuta na mteja anayegeuzageuza moja.

"Mzee, hii nzuri kweli?"

"Nzuri. Jaza mara mia tisa, haitakuangusha."

"Umejuaje?"

"Niliipima mwenyewe." Ndipo akaniona mlangoni. "Na huyu mpwa wangu ndiye aliyenisomea karatasi zake."

Mteja alinipa mkono, akasema nina bahati kuwa na mjomba fundi. Mjomba aliinama, akaitia betri ndani ya boksi taratibu.

"Bahati ni yangu," alisema. "Nina mpwa wa kipekee."