Hodhi la Mwalimu Rehema

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi hapa Garsen, nilipokuwa kijana mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa mdomo, nilimwambia mama mzima wa rika la mama yangu kwamba uzito wake ndio unaoharibu kazi yangu. Nakwambia haya leo, mwanangu, kwa sababu nimekusikia ukirudi kutoka kule nyumba ya wageni ya Minjila ukilalamika kwamba ulichoziba kimevuja tena kwa sababu wateja hawajui kutumia vitu. Nilinyamaza ili ule kwanza. Sasa umeshiba, nisikilize.

Mama huyo alikuwa Mwalimu Rehema. Alikuwa amestaafu, akajenga nyumba yake nyuma ya soko, na magoti yalikuwa yamemchoka. Kuinama juu ya ndoo kulimtesa. Mwanawe Jillo, aliyekuwa akisafirisha mifugo kutoka Madogo, akamletea hodhi la kuogea, lile refu ambalo mtu anaingia akanyoosha miguu. Nusu ya mtaa ilikwenda kulitazama. Kila jioni Mwalimu aliingia kwenye maji ya moto, na asubuhi alikwenda sokoni bila fimbo, akisalimia watu kwa sauti kubwa kama msichana. Furaha yake hakuificha.

Tatizo lilikuwa pale hodhi linapokutana na ukuta. Mshono ule huzibwa kwa silikoni, wewe unaijua, ile gundi laini inayokauka ikawa kama mpira. Ilikuwa inapasuka. Maji yakapita nyuma, yakaingia ukutani, na upande wa pili, chumbani mwake, plasta ikaanza kulainika na rangi kubambuka. Nikaitwa mimi. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza kufanya peke yangu, na nilijiona fundi wa kuitwa mpaka Malindi.

Kazi niliifanya vizuri, sikudanganyi. Nilikwangua gundi ya zamani yote kwa wembe, nikasafisha kwa spiriti, nikakataza mtu yeyote kuoga humo siku mbili ili pakauke kabisa. Nikaweka silikoni mpya mstari mmoja ulionyooka, nikaulainisha kwa kidole chenye sabuni. Ungeuona ungedhani umechorwa. Wiki haikuisha, ukapasuka katikati.

Nikarudia, safari hii nikaweka nene zaidi. Ukapasuka. Nikaagiza silikoni nyingine kutoka Mombasa, ikaja na basi, nikaipaka huku nikipiga mluzi. Ikapasuka palepale. Na mimi, mwanangu, badala ya kulitazama hodhi nikamtazama mwenye hodhi. Mwalimu Rehema alikuwa mama mnene. Nikamwambia, tena mbele ya jirani aliyekuja kuomba chumvi, "Mwalimu, gundi haina kosa. Labda ni uzito. Afadhali uwe unaoga kwa ndoo tu."

Alivuta leso akajifunika mabega, akasema ahsante, akaingia ndani. Mimi nikaondoka nikijiona nimeshinda.

Siku nne baadaye nilipita kuchukua spana niliyoisahau. Nikamkuta uani, amekaa juu ya kigoda, anajimwagia maji miguuni kwa kikombe. Fimbo ilikuwa imerudi, imeegemezwa ukutani. Aliponiona alijaribu kusimama, goti likakataa, akakaa tena. Akaniambia kwamba Jumamosi Jillo atakuja na mtaimbo kulivunja hodhi, kwa sababu chumba kinaharibika, na yeye mwenyewe hataki kuliona tena. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilitamani kuchukua spana yangu nitoroke.

"Kaa," akasema, kwa sauti yake ya darasani. Nikakaa chini mchangani.

"Ulipoziba, ndani ya hodhi kulikuwa na nani?"

"Hakuna mtu, Mwalimu. Lilikuwa tupu, tena kavu."

"Na linapopasuka, ndani kuna nani?"

"Wewe."

"Mimi na maji. Sasa kijana, hiyo gundi ulimzibia nani?"

Akanieleza habari za baba yake kule Chara, aliyekuwa akitengeneza mitumbwi. Mtumbwi ukipata ufa, mzee yule aliulaza juu ya magogo mawili, gogo moja kila ncha, akawaita watoto wote wa nyumbani wakae ndani. Ufa uliojificha ulifunguka wote, ndipo akagongomea bati na kupaka lami, watoto wakiwa humohumo wanasukumana kwa viwiko. "Tulikatazwa kushuka mpaka amalize," akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka kidogo.

Kilichoniuma ni kwamba hayo niliyajua. Mimi ni mtoto wa kijiji cha Wema, ukingoni mwa mto, na kwetu pia nimekalishwa ndani ya mtumbwi unaozibwa, nikalia kwa sababu ya jua. Lakini nilipojifunza bomba na vigae nilidhani nimeingia kazi ya mjini, kazi isiyo na la kuuliza kwa watu wa mtoni. Nilijifanya mgeni wa kwetu mwenyewe.

Nikakwangua mshono siku ileile. Jumamosi nikafika kabla ya jua kuchoma. Bomba, kama kawaida yake, lilikuwa kavu, nikakodi mkokoteni nikaleta mitungi kumi ya maji ya mto, yana rangi ya chai ya maziwa. Nikayamimina. Hodhi likalia, likashuka, na kati yake na ukuta pakafunguka mwanya wa kuingiza kidole. Nikalala kifudifudi na tochi kuchungulia chini, jambo ambalo sikuwahi kulifanya mara zote tatu. Mguu mmoja wa hodhi ulikalia kipande cha mbao kilichooza.

Basi nikayatoa maji, nikaondoa ule ubao, nikaweka jiwe bapa, nikajaza tena. Mwanya ukawa mdogo, ila haukuisha. Nikaukausha kwa kitambaa, nikakunja suruali, nikaingia ndani ya maji na uzito wangu, nikaanza kuziba nikiwa nimesimama humo.

Ndipo Jillo akatokea mlangoni na mtaimbo begani.

"Mama! Huyu amekuja kuziba au kuoga?"

"Mwache," mama yake akajibu kutoka ukumbini. "Leo yeye ndiye mnene."

Jirani wa chumvi naye alikuwepo, akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilikuwa kwenye maji ya tope hadi magotini, ile bunduki ya kusukumia silikoni mkononi, sina pa kujificha. Nikasema mbele yao wote, "Mwalimu, kosa halikuwa uzito wako. Kosa ni langu. Nisamehe." Mwalimu akasema, "Maliza kazi, chai iko tayari."

Maji yale yalikaa humo mpaka Jumatatu, gundi ikakauka mwanya ukiwa umefunguka, ili hodhi likijaa isivutwe tena. Mtaimbo ukarudi Madogo. Mshono ule haukupasuka tena mpaka Mwalimu alipofariki, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliomzika, kwa sababu tangu siku ile alikuwa mama yangu.

Kwa hiyo, mwanangu, kesho mapema rudi Minjila. Usipake gundi mpya kabla hujachungulia chini. Kitu kikiharibika mikononi mwa mtu, kitazame kikiwa kazini, na mzigo wake ndani yake, kisha ukizibe kwa ajili ya huyo atakayekitumia. Ukiona ulimi wako unataka kumlaumu mwenye nyumba, ushike, uingie wewe kwanza ndani ya maji. Na kama ulikwisha kumlaumu, najua ulimlaumu kwa sauti, basi muombe radhi kwa sauti ileile.

Mungu aitunze mikono yako, aijaze kazi, na milango ya watu ifunguke kwa furaha wakisikia ni wewe uliyebisha hodi. Haya, chukua bunduki yangu ya silikoni. Na uvae suruali inayokunjika.