Sindano ya Kubebea Maji

Hapana, hii alama ya kichwa si ya kuchapwa. Ni ya kamba. Sisi wanawake wa huku tulikuwa tunabeba mzigo na mgongo, kamba inapita juu ya kichwa, mpaka mfupa inaingia ndani kama mfereji. Uhuru ilikuwa imekuja, ati kila mtu yuko huru; kamba haikusikia hiyo habari. Nabeba debe la maji kutoka mtoni, na mume wangu anatembea mbele na fimbo. Fimbo ilikuwa nzito, maskini.

Basi mguu ukaanza kuwaka. Moto inatoka kiunoni inashuka mpaka kidole. Nikikaa inawaka, nikilala inawaka. Mama mkwe akasema, na ile sauti yake ya kuku amefungwa miguu, "Sisi tulibeba na hatukulia." Mwenyewe alikuwa amepinda kama jembe.

Nikapelekwa Nyeri. Daktari alikuwa kijana wa kuvaa tai shingoni, anaongea polepole kama anafundisha mtoto wa nasari: "Mama, mshipa wa fahamu umebanwa. Usi-be-be kitu." Akanidunga sindano ndefu hapa kwa mgongo. Siku chache nikasikia uchungu zaidi, halafu moto ikazima. Nikatembea kama msichana.

Mume wangu akafurahi sana. Si kwa sababu nimepona. Huku kwetu mtu akidungwa, watu wanaona ameongezwa nguvu, na nguvu ni ya kazi. Akaniletea debe kubwa kushinda ile ya kwanza. Ati sasa niko na mgongo ya hospitali. Nikamwambia ati daktari amekataza. Akauliza kama daktari ndiye atapika chai bila maji. Yeye abebe? Mwanamume na kamba kichwani, mbele ya wanawake? Afadhali afe na kiu.

Nikabeba. Moto ikarudi. Tukarudi Nyeri, nikadungwa, nikapona, nikabeba tena. Ikawa ni hivyo tu, mpaka mguu ukaanza kuburuta nyuma kama gunia, na nikajua siku nitaanguka pale mtoni sitatembea tena.

Safari ya mwisho mume wangu aliingia na mimi, kofia mkononi, sauti tamu kama ya mtu anaomba kura. "Daktari, mdunge ile ya nguvu. Ile ingine iliisha haraka."

Kijana akaweka sindano chini. Akamwangalia yeye, si mimi, na hakuongea polepole tena.

"Mzee, nenda ununue punda. Huyu simdungi tena."