Kwetu Hakuna Kichaa

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Gisenyi hakuna aliyeruhusiwa kupiga mluzi. Nyumba nyingine za mtaa wetu wa Waislamu zilikataza usiku tu, kwa sababu mluzi wa usiku huita nyoka. Kwetu ilikuwa marufuku saa zote, na sababu ilikuwa Shangazi Zaituni, dada wa baba yangu, aliyeishi nasi tangu vita vilipomfanya mjane.

Shangazi alikuwa fundi cherehani. Alishona magauni ya vitenge na kuyapeleka Goma kuyauza, akipitia Petite Barrière, ule mpaka mdogo wa kuingia Kongo uliokuwa ukilisha nusu ya mji wetu. Alikuwa mcheshi, mwenye mdomo, asiyeona haya kumtania baba yangu mbele ya wageni. Lakini akisikia mluzi au filimbi, hata ya watoto wanaocheza mpira barabarani, alibadilika. Macho yalimtoka, pumzi ikamkata, akaingia chini ya meza ya cherehani na mkasi wake mkononi, akakaa humo mpaka jasho limkauke. Ukimwita hasikii. Baadaye alitoka akauliza kwa nini chai imepoa.

Leo hata mtoto wa shule anaweza kukueleza. Waliomuua mume wake walikuwa wakiitana kwa filimbi, naye Shangazi alikuwa amejificha darini akizisikia zote. Miaka ile, mwishoni mwa tisini, watu walikuwa wameanza kulitumia neno la Kinyarwanda, ihahamuka, yaani kukatwa pumzi na hofu. Bibi yangu, mama mzazi wa Shangazi, hakulitaka neno hilo. Yeye alisema ni jini. Lilimwingia binti yake kule darini, likazoea filimbi, na kila inapolia linadhani linaitwa.

"Na jini ikiitwa, inakuja na njaa," alituambia. "Siku moja mutu atapiga ile kitu karibu yake, na damu itatoka. Mutakumbuka mi nilisema."

Ikatoka kweli. Asubuhi moja ya siku ya soko Shangazi alikuwa kwenye foleni ya mpakani na furushi lake la magauni, mkasi kiunoni, maana wateja wa Goma walipenda kupunguziwa nguo palepale. Wabebaji walikuwa wakisukumana. Askari akapuliza filimbi kuwapanga mstari. Kijana mmoja mbebaji, aliyekuwa ameinama kumsaidia kuinua furushi, akachomwa mkasi jichoni. Waliokuwepo walisema Shangazi hakukimbia. Alijikunja chini palepale, na walipokuwa wakimfunga mikono aliwauliza kama wale watu wamekwisha kuondoka.

Yule kijana alipoteza jicho. Sipendi kulipita hilo haraka eti kwa kuwa ninamlilia wangu. Naye alikuwa na mama yake.

Mahakamani tulikwenda sote: baba, Bibi, dada yangu mkubwa Mariamu, na mimi. Wakili hatukuwa naye. Miaka hiyo nani alikuwa na wakili? Jaji alikuwa amerudi nchini kutoka Tanzania, mtu mpole mwenye Kiswahili kilichonyooka, na alipoona Bibi anahangaika na Kinyarwanda cha mahakama akamgeukia kwa Kiswahili. Nasema mpole kwa sababu alikuwa mpole. Angekuwa mkali ingenifaa zaidi.

Alitueleza taratibu, kama mwalimu. Sheria haimwadhibu mtu aliyetenda akiwa hana akili zake. Mtu huyo hupelekwa kutibiwa, na hospitali ya namna hiyo ilikuwa upande wa Kigali. Lakini lazima ijulikane kwamba kweli ana kichaa. Muuguzi aliyeitwa kumpima alisema amemkuta mshtakiwa anajua jina lake, anajua leo ni siku gani, anajua bei ya kitenge. Akaongeza kwamba ana ile ihahamuka watu wanayoisema, ila yeye hajui kama ni ugonjwa mbele ya sheria. Jaji naye hakujua. Alikuna kidevu, kisha akafanya alichoona ni haki: akaiuliza familia.

"Bibi, wewe ndiye uliyemzaa. Unamjua kuliko sisi sote hapa. Binti yako ana kichaa?"

Hapa lazima nieleze jambo ambalo kila mtu mle ndani alilijua. Kwetu, kabla ya kuoa, watu wa upande wa kijana huulizauliza mtaani: nyumba ile kuna kifafa? Kuna ukoma? Kuna kichaa? Wakisikia kipo, hawarudi tena, na wala hawasemi kwa nini. Mariamu alikuwa ameletewa posa kutoka Goma. Mshenga wao alikuwa mle mahakamani, benchi la nyuma, mikono mapajani, akisikiliza kwa makini.

Bibi alisimama, akajitengeneza mtandio.

"Hapana, mwanangu. Kichaa ni kitu ya damu, na kwetu haiko. Huyu iko na jini tu. Jini ni mugeni, inaingia, inatoka. Akili yake iko muzuri."

"Kwa hiyo ana akili timamu?"

"Timamu kabisa."

Nilimwona Shangazi akifumba macho. Jaji alimshukuru Bibi kwa kusema kweli. Na kweli aliisema, ndiyo maana hadi leo nikikumbuka nasaga meno. Kwa Bibi, kichaa na jini vilikuwa mambo mawili kama kuvunjika mguu na kuibiwa kiatu. Kwa jaji, ambaye jini halikuwamo katika vitabu vyake, lilibaki neno moja tu la kuandika, timamu, na mtu timamu akitoboa jicho la mwenzake anafungwa. Alipewa miaka saba.

Gerezani waliwahesabu wafungwa kila asubuhi kwa filimbi. Sihitaji kuwaeleza zaidi. Tulipoenda kumtembelea mara ya kwanza na sahani ya ugali na maharage, alikuwa amekonda mpaka mifupa ya shingo inahesabika, na wala hakuzungukazunguka.

"Mama, ungesema tu mi ni kichaa. Kichaa wanamutibu."

"Na Mariamu?" Bibi akamuuliza.

Shangazi alimgeukia dada yangu.

"Eh, kweli," akasema. "Mariamu."

Kisha akauliza kama tumebeba chumvi.

Mariamu aliolewa kabla ya Ramadhani. Ilikuwa harusi nzuri, nilikula pilau nikashiba. Shangazi alikufa mle gerezani kwa kuharisha, ugonjwa ambao haumhitaji jaji kuutambua. Kwenye matanga wanawake walisema jini limemmaliza, na Bibi, huku akilia, aliwakumbusha kwamba yeye alionya mapema.

Mwaka jana nilimsindikiza jirani yangu kituo cha afya. Siku hizi kuna muuguzi wa magonjwa ya akili, binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu. Nilipokuwa nangoja nikamsimulia habari za mtu fulani wa zamani: filimbi, meza, mkasi. Sikumwambia ni nani. Hakushangaa hata kidogo.

"Huyo hakuwa mugumu kutibu, mama. Wa hivyo tunawapokea wengi, zaidi mwezi wa nne, ile ya kukumbuka waliouawa. Unamupa dawa, anakuja mukaongea, anarudi kazi yake."

"Anarudi kushona?"

"Kwa nini asirudi?"

Nilimshukuru, nikatoka nje. Nilikuwa na hasira, hasira ya kweli, na nilipotafuta wa kuipokea sikumpata. Jaji aliuliza vizuri. Muuguzi wa siku ile alisema alichokijua na akakiri asichokijua. Bibi alimpenda binti yake na alimpenda mjukuu wake, akasimama wima mbele ya watu akasema anachokiamini. Laiti kungekuwa na mwongo mmoja tu mle ndani, ningekuwa na wa kumlaani.