Kwenye simulation kapasita haipasuki: kilichomkuta Mbwana

Wakuu, salamu zenu.

Hii si chai, si stori ya kutunga. Ingekuwa chai ningetia sukari, ila hii ni chungu mwanzo mwisho.

Mimi na mshkaji wangu Mbwana tuna kibanda cha ufundi redio hapa Nguvumali, Tanga. Wote darasa la saba. Umeme tumejifunza kwa kupigwa shoti.

Juzi kati tukaletewa mixer ya sauti ya kaswida, ya madrasa ya mtaani. Power supply imeungua. Mixer inataka plus 12 na minus 12, sisi tuna betri ya gari tu.

Plus ipo. Minus unaitoa wapi?

"Kuna sakiti inaitwa inverting buck-boost," Mbwana akasema. "Unaipa plus, yenyewe inakutolea minus."

"Kama shemeji zako," nikamtania. "Unawapa vizuri, wanakurudishia vibaya."

Ana laptop mkweche yenye software ya kuchorea sakiti. Unaunga koili, swichi, dayodi na kapasita, kile kikopo cha kutunza chaji, unabonyeza run, unaona umeme unavyotembea kabla hujashika hata waya. Hiyo ndiyo simulation.

Akachora. Ikaja minus 5. Akacheza na muda wa swichi kuwaka na kuzima, grafu ikashuka mdogo mdogo hadi minus 12, ikatulia kama maji ya mtungini.

"Kaka, umechimba kisima, umeshuka chini ya sifuri," nikamwambia. Tukagongeana.

Sasa hapa ndipo palipotuua.

Kwenye ile software kapasita aliyochora ni vistari viwili tu. Haina mguu wa plus wala wa minus. Igeuze utakavyo, inapiga kazi. Ya dukani ina miguu yake, ukiikosea inavimba na kupasuka.

Na fundi yeyote wa mtaani ukimwamsha usingizini atakwambia minus ni bodi, yaani ile ardhi ya sakiti. Ndivyo tulivyokuzwa. Kwenye inverting ni kinyume, mguu wa plus ndio unakaa kwenye bodi.

Kichwa cha Mbwana kilijua. Mkono wake ukachomea mguu wa minus kwenye bodi, kwa mazoea.

Tukaunga betri. Kimya. Halafu kikaanza kimluzi chembamba.

Mbwana akainama asikilize.

Paa.

Nikamwona kakaa chini, kiganja juu ya jicho la kushoto, ananiuliza kama mixer imepona.

Hospitali mama yake akaja. Nikampa shikamoo. Akauliza tu, "Si mlisema mmeshaijaribu kwenye kompyuta?"

Mimi mtaa mzima unanijua kwa mdomo. Siku hiyo nikaenda kumtafutia kiti.

Siku ya kufungua bandeji, daktari akaliziba kwa pamba jicho la kulia, lile lililo zima.

"Vidole vingapi?"

Mbwana akainua kidevu. "Viwili."

Daktari mikono yote ilikuwa kwenye mifuko ya koti.

Mama yake akageukia ukutani. Mbwana bado anasubiri aambiwe kama kapatia.

Somo langu ni dogo, wakuu. Simulation inakwambia mchoro uko sawa, haikwambii mkono wako utachomea nini. Kabla hujawasha, soma miguu ya kapasita upya. Vaa miwani, hata ya mtumba. Na usiinamie kitu kinachopiga mluzi.

Kama kuna mtu humu jicho lake lilirudi baada ya ajali kama hii, aandike. Kama hakuna, andikeni hivyo hivyo, msimpambie. Comment zenu Mbwana anazisubiri kuliko mimi.