Kidonge na Kombe

Nikiukumbuka ujauzito wangu wa kwanza, naiona rangi ya zafarani kila mahali: vidoleni mwa mama, ukutani, hata kwenye mwanga wa jioni. Labda ni kumbukumbu tu inayojipaka rangi.

Nilikuwa nimetoka Mahajanga, nilikoolewa, nikarudi kwa mama, kijijini kwetu Marodoka, maana kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwao mwanamke. Mume wangu aliijua siri yangu, tulipimwa pamoja. Mama hakuijua. Muuguzi wa Mahajanga aliniambia nina virusi vya Ukimwi, kisha akanishika mkono: nikimeza kidonge kila jioni bila kuruka, mtoto anaweza kuzaliwa salama. Hilo neno "anaweza" nililala nalo, nikaamka nalo.

Vidonge nilivificha kwenye kopo la liwa, ile tunayojipaka usoni. Baada ya magharibi nilijifanya nakwenda kunawa, nameza, narudi mwepesi. Harufu ya maua ya milangilangi iliingia dirishani, na mtoto alijinyoosha tumboni kama paka aliyeshiba. Siku zilielea hivyo, wala sikuzihesabu.

Kisha mama akaanza kuniletea kombe: aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa vidole na maji ya waridi, ninywe. Nalo lilikuwa na miko. Mpaka sahani zote ziishe, dawa nyingine yoyote isipite kooni. Basi akawa anakaa nami chumbani jioni nzima, macho kodo. Nikakasirika, nikamwambia mimi si mfungwa.

"Kunywa, mwanangu," akanijibu kwa Kikomoro chake, kana kwamba hakunisikia.

Jioni ya kwanza kidonge kilinipita. Nilikimeza alfajiri alipokuwa akiswali. Kesho yake alipoketi tena na sahani, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Nikalifungua kopo mbele yake.

"Mama, nina Ukimwi. Hivi ni vya kumkinga mtoto."

Mama aliiweka sahani chini.

"Niliviona ulipofika," akasema. "Ulivyovificha, nikadhani unataka kumtoa mtoto. Kombe nilimwandikishia yeye, abaki."

Nililia kwa sauti. Tulikuwa tukimlinda mtoto mmoja, kila mtu kivyake, na nusura tumponze.

Binti yangu alizaliwa, akapimwa, hakuwa na virusi. Lakini kinachonijia ndotoni mpaka leo ni jioni ile, mama akikitia kidonge mdomoni mwangu kwa vidole vyake vya manjano na kuniinulia sahani.

"Meza kwa hili."

Nikamuuliza, na miko je?

"Miko nitaijibia mimi kwa Mungu," akasema, akaishikilia sahani mpaka nikamaliza.