Basi Lisilo na Usukani

Kuroiwa Tamotsu aliendesha basi la bonde lao miaka thelathini na moja, na watu wakakumbuka sekunde nne tu.

Madereva walikuwa wamebaki wawili. Mwenzake alipolazwa, Kuroiwa alifanya kazi siku kumi na tisa mfululizo, maana wazee wangefikaje hospitali? Siku ya ishirini, mchana kweupe, usingizi ukamwiba. Basi likaparamia ukuta wa mawe. Mzee Hirose, aliyeketi kiti cha mbele, akafa palepale.

Kuroiwa alihukumiwa, akanyang'anywa leseni. Kila mwaka, siku ya msiba, alikwenda kuinama kuomba radhi langoni kwa mjane wa marehemu, Hirose Fumie. Mlango haukufunguliwa. Miaka minane mama huyo alikwenda hospitali kwa miguu, na goti lake bovu, asipande basi lolote. Kuroiwa hakutaka kingine duniani ila amwone amepanda tena.

Ndipo likaja basi la kujiendesha. Halina dereva wala usukani. Wazee wakaligomea.

"Likituua, tumlaumu nani?" akauliza Bibi Okabe.

"Mkalisheni Kuroiwa mle mbele," akasema mwingine.

"Yule aliyelala?"

"Ndiyo, yule. Alituulia mmoja, lakini alilia. Mashine italia?"

Ndivyo Kuroiwa alivyowekwa mbele kama pambo, mzee wa watu, amevaa sare na glavu nyeupe, mikono magotini. Kwenye kila njia panda alinyoosha kidole na kutangaza kuwa njia ni salama, kama alivyofanya zamani akiendesha: "Kulia kweupe! Kushoto kweupe!" Basi halikumsikia, ila abiria walitulia.

Asubuhi moja ya Novemba basi lilisimama lenyewe, na Mama Hirose akapanda. Alikwenda moja kwa moja kukaa kiti cha mbele. Nimesamehewa, Kuroiwa alijiambia, na machozi yakamtoka bila aibu.

"Mama Hirose, asante. Asante sana kwa kupanda."

"Usijidanganye, Bwana Kuroiwa. Nimepanda kwa sababu si wewe unayeendesha."

Kuroiwa aliinamisha kichwa.

Mbele kidogo, walipoukaribia ukuta wa mawe, yule mama akasema tena, polepole, kama anayemfunika mtu shuka:

"Ulichoka sana siku zile. Nilikuona. Ukitaka kulala sasa, lala. Hakuna atakayekufa."

Kuroiwa hakufumba jicho mpaka hospitali.