Mbaazi za Bibi Velta

Nimeishi nyumba moja na Orpha miaka saba hapa La Rochelle, Afrika Kusini, vyumba vyetu vikitazamana na jiko likiwa la wote, na katika miaka hiyo sijamwona akimaliza chakula. Si kwamba hali. Anakula kama mtu yeyote afanyaye kazi, lakini vijiko viwili lazima vibaki kwenye sahani. Hivyo ni vya kaka yake, Ildephonse. Walipokimbia Burundi, Ildephonse alirudi nyuma kumchukua nyanya yao na hakuonekana tena. Mama yao akawa anambakizia chakula kila siku, na mama alipofariki Orpha akaendelea. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, mtaa wa Waislamu kule Bujumbura, nimefunzwa kwamba sahani humalizwa, kwa hiyo mwanzoni nilimsema sana. Baadaye nikanyamaza. Kuna mambo ya mtu huyaingilii.

Mtu mwingine aliyekuwa akimsema ni Bibi Velta, na huyo hakunyamaza.

Bibi Velta ni mzungu wa Latvia, nchi ya baridi iliyopakana na Urusi. Aliletwa Afrika Kusini akiwa msichana, baada ya vita, akazeekea kwenye fleti yake kule Randburg. Orpha alimfanyia kazi tangu mwaka 2008, na walikula meza moja, maana bibi alikuwa hawezi kula peke yake. Kila Noeli alipika mbaazi za kwao, za rangi ya udongo, akazimwagia bekoni na vitunguu vilivyokaangwa. Desturi yao ni kwamba zote zimalizwe, kwa sababu kila mbaazi inayobaki ni chozi la mwaka unaokuja. Orpha ni Msabato, nguruwe hali, basi alitengewa zake bila nyama. Na kila Noeli wawili hao waligombana kwa sababu ya vile vijiko viwili vya Ildephonse. Noeli sita, na Orpha hakushindwa hata moja.

Mwezi wa kumi mwaka 2014 bibi akapatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, maneno yakapotea. Mpwa wake akafunga fleti na kumpeleka kwenye nyumba ya wazee hukohuko Randburg. Kazi ya Orpha ikaishia hapo, ila yeye aliendelea kwenda kila Jumapili. Desemba ilipoanza, sista mkuu wa wauguzi alimwambia kwamba bibi hataki kula. Koo ni zima, daktari ameshapima, lakini kila akiletewa kijiko anafumba mdomo. Mambo yakibaki hivyo, Jumatatu ya tarehe ishirini na mbili atapelekwa hospitali akatiwe mpira wa kulishia puani.

Orpha alinieleza hayo huku akichambua mchicha.

"Atauvuta ule mpira," akasema. "Namjua. Nao watamfunga mikono. Dada Zubeda, yule mama atakufa amefungwa."

"Sasa wewe utafanya nini?"

"Nitampikia mbaazi zake."

Mara ya kwanza aliharibu, na aliharibu kama sisi tu tunavyoweza kuharibu. Alipata mbaazi kavu za kahawia kwenye duka la Wahindi, akazichemsha mpaka zikalainika. Lakini bekoni ilimshinda kuinunua, akatia mafuta ya mawese na nyanya, kwa kuwa kwetu mbaazi bila mawese ni chakula cha mgonjwa asiye na ndugu. Bibi Velta alinusa mara moja, akageukia ukutani.

"Mama Inès," nilimwambia Orpha, kwa jina la mwanawe, aliporudi na sufuria imejaa, "umempelekea maharage ya Bujumbura."

"Najua. Jumapili ijayo naweka nguruwe."

"Si katika jiko langu."

"Jiko letu," akanirekebisha, na tangu hapo nikajua hasikii la mtu. Alinunua sufuria mpya, kisu kipya na mwiko mpya, akavifunga kwenye mfuko wake peke yake. Jumamosi hakugusa kitu, ni Sabato yake. Jua lilipozama akaloweka mbaazi. Jumapili alfajiri alitoa jiko la mbabula uani, akawasha makaa, akapika nje, mbali na vyombo vyangu. Saa kumi na mbili umeme ukakatika, kama ilivyokuwa desturi ya mwezi ule, na nyumba nzima ikalalamika isipokuwa yeye.

Nilimtazama dirishani akikata ile bekoni vipande vidogo, uso ameukunja. Katika maisha yake hajawahi kushika nguruwe. Niliona huruma, na pia nilitaka kucheka. Maji alikuwa ameshayavulia nguo, ilibaki kuyaoga. Taabu ikaja kwenye kuonja. Yeye hawezi, mimi siwezi. Akaenda kumgongea Firmin, fundi cherehani wa chumba cha nyuma, Mkongomani na Mkatoliki, ambaye dini yake haimnyimi kitu.

"Eish, mama, bado kidogo," Firmin akasema, akachota tena. "Vitunguu viive zaidi." Akachota tena. Alipotaka kuchota mara ya nne, Orpha alimpokonya mwiko.

"Imefika au haijafika?"

"Sharp, mama. Imefika."

Nilimsindikiza. Nilisema nakwenda kumsaidia mzigo, ingawa ukweli ni kwamba nilitaka kuona. Yeye alibeba sufuria, mimi nikabeba kopo la mbaazi zake yeye, zisizo na nyama.

Bibi Velta alikuwa amekalishwa kwenye kiti karibu na dirisha, amekonda mpaka pete imefungwa uzi isimtoke. Sista mkuu alisimama mlangoni na karatasi ya hospitali mkononi. Orpha alipakua, akaweka bakuli mezani na kijiko upande wa kushoto. Bibi akafumba mdomo. Orpha hakumbembeleza. Alivuta kiti, akafungua kopo lake, akaanza kula.

Alikula taratibu, macho yake kwenye kopo. Mara nikaona pua ya bibi inacheza, kisha mkono wa kushoto ukatambaa mezani ukashika kijiko. Akala kimoja. Akala cha pili. Zilipofika nusu ya bakuli nilikuwa nimeanza kumshukuru Mungu kimoyomoyo, ndipo bibi akaweka kijiko chini.

"Bado kidogo, bibi," Orpha akamwambia.

Bibi alikuwa anatazama kopo. Ndani yake kulikuwa kumebaki vijiko viwili. Akachukua kijiko chake, akagonga ukingo wa kopo.

"Hizo si zangu. Unajua ni za nani," Orpha akamwambia.

Akagonga tena. Sista mkuu aliangalia saa. Nilimjua Orpha, nilijua Noeli zile sita, na kwa mara ya kwanza nikaogopa ukaidi wake.

"Anaweza kuja," Orpha akasema kwa Kiswahili. Bibi hajui Kiswahili. Nadhani alikuwa ananiambia mimi.

Akalivuta lile kopo karibu yake. Kisha akachota kijiko cha kwanza, akatafuna, machozi yakimshuka mpaka kidevuni bila kuyafuta. Akachota cha pili. Alipomeza, alilisukuma kopo mbele.

Bibi Velta aliinama akachungulia, akahakikisha ni tupu. Ndipo akarudi kwenye bakuli lake, akazila zote, hata ile moja iliyokuwa imeanguka kwenye gauni.